Injini Isile Vumbi: Kubadilisha Mabomba ya Hewa kwenye Mashine Nzito

Nililetewa injini ya kijiko iliyokuwa imefanyiwa oveholi miezi mitatu tu nyuma. Ilikuwa inakula oili, inatoa moshi wa bluu, na ukifungua kifuniko cha kujazia oili inapumua kama birika linalochemka. Tulipoifungua tukakuta ringi zimelika, laina zimepoteza mikwaruzo yake ya kiwandani zinang'aa kama kioo, na mapanga ya tabo yamekonda kingo zake. Mwenye mashine alikuwa mtu makini. Oili alibadilisha kwa wakati, na filta zake za hewa zilikuwa mpya na za asili. Ugonjwa ulikuwa kwenye mpira wa urefu wa mkono mmoja, ule unaotoka kwenye kasha la filta kwenda kwenye tabo. Upande wa chini, ambako jicho halifiki, ulikuwa na ufa wa urefu wa kidole, na mtu alikuwa ameuzungushia tyubu ya baiskeli na kuukaza kwa waya wa kufungia nondo.

Mpira ule na wenzake ndio habari ya mwongozo huu. Umeandikwa kwa mwenye kijiko, loda, greda, buldoza au dampa moja au mbili, kwa opareta, kwa msimamizi wa machimbo ya kokoto au ya dhahabu, na kwa fundi ambaye hana karakana kubwa nyuma yake. Humu nitasema "bomba" nikikusudia kipande cha chuma au plastiki ngumu, na "mpira" nikikusudia kile kinachopindika, kama mafundi wanavyosema.

Kwa nini kipande kidogo hivi kinaua injini

Chukua kijiko kinachojulikana sana, Komatsu PC200-8. Injini yake ina ujazo wa lita 6.69 na hufanya kazi kwa mizunguko 2,000 kwa dakika. Injini ya namna hii hujaza silinda zake zote hewa mara moja katika kila mizunguko miwili, kwa hiyo kwa hesabu hupitisha lita 6,690 za hewa kila dakika. Kwa saa moja ni mita za ujazo 400. Kwa zamu ya saa nane ni zaidi ya mita za ujazo 3,200, sawa na hewa ya vyumba karibu 100 vya mita tatu kwa nne. Hapo sijahesabu kazi ya tabo, ambayo husukuma hewa nyingi zaidi ya hiyo.

Sasa fikiria hewa ya machimbo mwezi wa Agosti, wakati barabara ya moramu imesagwa na matairi mpaka imekuwa unga. Kule Geita, Kahama au Chunya, mwamba unaobeba dhahabu mara nyingi ni mshipa wa kwazi, na vumbi la kwazi ni gumu kuliko chuma cha kawaida. Likiingia kwenye silinda huchanganyika na utando wa oili ukutani, na kila pistoni inapopanda na kushuka inasugua msasa. Ndiyo maana mafundi husema injini "imekula vumbi". Iliyokula vumbi haitibiki kwa oili nzuri wala kwa filta mpya.

Filta hulinda injini kwa sharti moja: hewa yote ipite ndani yake. Tundu lililo nyuma ya filta linalivunja sharti hilo lote.

Ijue njia ya hewa kabla ya kushika spana

Kwenye mashine nyingi zenye tabo, hewa hupita hivi: kofia ya juu inayotenga vumbi zito, kisha kasha lenye filta mbili (kubwa ya nje na ndogo ya usalama ndani yake), kisha mpira au bomba la kwenda kwenye tabo, kisha tabo yenyewe, kisha bomba la kwenda kwenye intakula (kipoza hewa), na mwisho bomba la kutoka intakula kuingia kwenye manifodi ya injini.

Gawa njia hiyo sehemu tatu kichwani mwako, kwa kuwa kila sehemu ina hatari yake.

> KISANDUKU: SEHEMU TATU, HATARI TATU
>
> Kabla ya filta. Likipasuka bomba hapa, hewa chafu inaingia, lakini filta bado iko mbele yake. Filta itaziba mapema. Ni hasara, si msiba.
>
> Kati ya filta na tabo. Hapa injini inavuta. Ufa mdogo unanyonya vumbi moja kwa moja. Hakuna mlio, hakuna moshi, nguvu haipungui. Hapa ndipo injini hufa kimya.
>
> Baada ya tabo. Hapa hewa ina presha na joto. Ufa hutoa hewa nje: utasikia mluzi, utaona moshi mweusi, mashine itakosa nguvu. Inatisha, lakini inajitangaza.

Watu wengi hukimbilia kutengeneza sehemu ya tatu kwa sababu inapiga kelele na kuzuia kazi, huku ile ya pili ikiachwa hadi "siku ya sevisi". Geuza utaratibu huo. Ukiwa na fedha za mpira mmoja tu leo, nunua ule wa kati ya filta na tabo.

Dalili, na kipimo kinachodanganya

Mashine nyingi zina kipimo kidogo karibu na kasha la filta, au taa kwenye dashibodi, kinachoonyesha filta imeziba kiasi gani. Injini nyingi za dizeli zenye tabo zimewekewa kikomo cha inchi 25 za maji, yaani takriban kilopaskali 6.2. Kikipanda hadi hapo, filta inabadilishwa.

Opareta wengi wanajua kipimo kikipanda maana yake nini. Wachache wanajua maana ya kipimo ambacho hakipandi. Kama wenzako kwenye machimbo yaleyale wanabadilisha filta mara kwa mara na yako inakaa msimu mzima kipimo kimelala, usijisifu. Huenda hewa imepata njia ya mkato, na inaingia kwenye injini bila kupita kwenye filta. Au kipimo chenyewe kimekufa. Yote mawili yanataka uchunguzi leo.

Dalili nyingine za kutazama:

- mpira umekuwa mgumu kama ubao, au umelainika na kuvimba kama uliolowekwa;
- nyufa ndogondogo ukiukunja kidogo, hasa kwenye mikunjo na karibu na klipu;
- mpira unanywea ndani injini ikipandishwa kasi (waya wa ndani umekatika au tabaka zimeachana);
- alama ya vumbi lililojipanga kama mstari kuelekea kwenye kiungo;
- oili mbichi chini ya kiungo cha upande wa presha;
- ripoti ya maabara ya oili ikionyesha silikoni (Si) imepanda, na pamoja nayo chuma, alumini au kromi. Hiyo ni barua ya vumbi, usiitupe.

Kipimo cha kitambaa cheupe. Zima injini, acha ipoe. Safisha nje ya kiungo cha tabo, legeza klipu, vuta mpira, kisha pangusa ndani ya mdomo wa tabo na ndani ya mpira kwa kitambaa cheupe kikavu. Ndani panatakiwa pawe safi. Utando mwembamba wa oili peke yake ni jambo la kawaida kwenye mashine ambazo pumzi ya injini inarudishwa humo. Ukipata unga mwekundu au wa kijivu, hata kidogo, njia imevuja mahali fulani kati ya hapo ulipo na filta. Tafuta tundu kabla ya kuwasha tena.

Hapa kuna kosa ninaloliona kila mara: fundi anapaka maji ya sabuni kwenye mpira wa upande wa kuvuta, injini inawaka, anangoja povu. Povu halitatoka, kwa sababu hewa inaingia, haitoki. Sabuni hufaa upande wa presha peke yake. Upande wa kuvuta utaupima kwa kitambaa, kwa tochi iliyoingizwa ndani ya mpira gizani, na kwa vidole.

Wala usipulizie petroli au dawa ya kuwashia injini kwenye viungo ili usikie kasi ikibadilika. Kuna waliochomeka nyuso kwa njia hiyo.

Kununua: hapa ndipo fedha hupotea

Nitakaa hapa zaidi, maana kufunga mpira ni kazi ya saa moja au mbili, lakini kununua mpira usiofaa ni kosa la miezi.

Kwanza, nambari. Andika aina ya mashine, nambari yake ya utambulisho, na nambari ya injini. Mashine mbili zenye jina moja, zilizotoka miaka tofauti, huweza kuwa na mabomba yanayofanana kwa macho na kutofautiana pembe au mahali pa kitobo cha sensa. Nambari ya spea iliyochapwa kwenye mpira wa zamani, kama bado inasomeka, ni dhahabu. Ipige picha kabla hujaosha.

Pili, beba mpira wenyewe. Ukienda Gerezani au Kariakoo Dar es Salaam, barabara ya Kirinyaga Nairobi, au Kisekka Kampala, usiende na picha ya simu pekee. Picha haionyeshi kipenyo wala unene.

Tatu, pima. Kipenyo cha ndani cha mpira kinatakiwa kilingane na kipenyo cha nje cha bomba unaloingia. Kama huna kipimo cha kubana, tumia uzi:

1. Zungusha uzi usiovutika kwenye mdomo wa bomba, mahali mpira unapokaa, si juu ya ukingo ulioinuka.
2. Weka alama mahali uzi unapokutana, ulaze kwenye rula, soma milimita.
3. Gawanya kwa 3.14. Uzi wa milimita 319 unakupa kipenyo cha milimita 101.6, yaani inchi 4.
4. Fanya hivyo kwenye midomo yote miwili. Mipira mingi hupungua kutoka upande mmoja kwenda mwingine, na ni rahisi kudhani ni sawa.
5. Pima urefu kwa kufuata katikati ya mkunjo, si kwa kukata kona. Andika pia pembe: digrii 45, 90, au nyingine.

Usikubali mpira mkubwa "utakaokazwa na klipu". Ukikazwa unatengeneza mkunjo mdogo chini ya klipu, na mkunjo huo ni mlango wa vumbi. Usikubali pia mdogo unaolazimishwa kwa nyundo.

Nne, malighafi. Muuzaji atakwambia "ni mpira tu". Si kweli.

Mpira wa aina ya EPDM, ambao ni mweusi na wa kawaida, unafaa sana upande wa kuvuta wenye ubaridi. Unavumilia jua na hewa, lakini hauvumilii oili. Ukilowa utavimba na kulainika. Kama bomba la pumzi ya injini linaingilia kwenye mpira huo, ulizia mpira unaostahimili oili.

Upande wa presha, kati ya tabo na intakula, hewa hutoka kwenye tabo ikiwa moto kuliko maji yanayochemka, na kwa injini zinazobeba mzigo mkubwa hupita hata digrii 150. Hapo kinatakiwa mpira wa silikoni wenye tabaka kadhaa za kitambaa. Silikoni ya kawaida nayo haipendi oili, kwa hiyo iliyo bora kwa kazi hiyo ina utando wa ndani wa florosilikoni. Mpira wa rejeta haufai hapo, hata ukiingia vizuri. Nimeuona ukipasuka ndani ya siku mbili.

Rangi haisemi chochote. Kuna silikoni ya buluu iliyo bora na ya buluu iliyo hovyo. Tazama ncha iliyokatwa: hesabu tabaka za kitambaa, angalia kama zimeshikana bila mapengo. Pitisha kidole ndani. Pawe laini, pasiwe na nyuzi zinazochomoza. Ukunje: usionyeshe mistari myeupe ya nyufa.

Tano, umbo. Mpira wenye nundu katikati haukuwekewa nundu kwa urembo. Injini inatikisika juu ya mipira yake ya kukalia, wakati kasha la filta au intakula limefungwa kwenye fremu. Nundu hiyo inameza mtikisiko. Ukiweka mpira ulionyooka mahali pa wenye nundu, utakatika kwenye klipu. Vilevile, mpira mrefu wa upande wa kuvuta mara nyingi una waya wa mzunguko ndani ya ukuta wake ili usinywee. Ulizia waya huo.

> KUHUSU MABOMBA YA KUCHOMELEA
>
> Bomba la chuma likioza, wengi hupeleka kwa mchomeleaji. Inawezekana, kwa masharti. Tumia bomba lisilo na kutu ndani. Mishono iwe mizima pande zote, na upande wa ndani usuguliwe mpaka kusibaki hata punje moja ya chuma kilichorukia. Punje hiyo itabanduka siku moja na kuingia kwenye tabo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Midomo iwe na ukingo ulioinuka wa kuzuia mpira usichomoke. Usipake rangi ndani, rangi hubanduka. Bomba la plastiki la maji kutoka duka la vifaa vya ujenzi lisitumike kabisa.

Kufunga: hatua kwa hatua

Chagua mahali pasipo na upepo wa vumbi. Kama uko porini, egesha mashine mbali na barabara ya malori na usubiri wakati ambao hakuna ulipuaji wala upakiaji karibu.

1. Ilaze mashine. Egesha sehemu tambarare, shusha ndoo au bledi mpaka chini, vuta breki ya kuegesha, weka gogo au kabari kwenye matairi. Zima injini, toa ufunguo na ubaki nao mfukoni. Kata swichi kuu ya betri, weka kufuli na kibao cha tahadhari. Subiri tabo ipoe.

2. Osha kabla ya kufungua. Vumbi lililokaa juu ya mpira ndilo litakaloanguka ndani ukilegeza klipu. Osha au futa kwa kitambaa chenye unyevu, kisha acha pakauke. Usielekeze maji ya presha kwenye kofia ya hewa wala kwenye nyaya. Vaa barakoa: vumbi la kwazi linaloharibu ringi linaharibu pia mapafu ya fundi, na mapafu hayana oveholi.

3. Weka kumbukumbu. Piga picha pande zote. Chora mstari wa rangi unaopita kwenye mpira na bomba ili ujue ulivyokaa. Andika kila kinachounganishwa humo: sensa, kipimo cha filta, bomba la pumzi ya injini, bomba la kunyonya vumbi kutoka kwenye kofia.

4. Toa wa zamani. Legeza klipu kabisa. Mpira ukigoma, uzungushe kwanza, kisha vuta. Usiuchokonoe kwa bisibisi, utakwaruza bomba na mkwaruzo huo utavuja. Ikibidi ukate mpira kwa urefu wake, kata kwa kina kidogo ili kisu kisifike kwenye chuma, na vipande visidondoke ndani.

5. Funika midomo papo hapo. Tumia vifuniko vya plastiki vyenye rangi kali, au mfuko safi uliofungwa kwa utepe nje. Usichomeke kitambaa ndani ya tabo. Kitambaa husahauliwa, na injini ikiwashwa hakitakuwa na mahali pa kwenda ila kwenye mapanga.

6. Kagua ulichofungua. Pangusa midomo ya mabomba iwe mikavu, bila oili, kutu wala gundi ya zamani. Tazama kama mdomo una pengo, umebonyea au umeliwa na klipu. Gusa mapanga ya tabo kwa kidole taratibu: yawe kamili, kingo zisiwe zimeliwa, na mhimili usicheze hadi mapanga yakaguse ukuta.

7. Kagua mpira mpya ndani. Umulike kwa tochi. Ufute kwa kitambaa safi. Utakuta unga wa kiwandani, vipande vya karatasi, mara nyingine hata buibui.

8. Visha klipu kwanza, kisha mpira. Kama mpira unagoma kuingia, lowesha kwa maji ya sabuni kidogo. Grisi, oili na dizeli ni mwiko: upande wa presha zinafanya mpira uchomoke, na upande wa kuvuta zinaula.

9. Sukuma mpaka mwisho. Mpira upite ukingo ulioinuka, na klipu ikae nyuma ya ukingo huo, si juu yake, milimita chache kutoka kwenye ncha ya mpira. Linganisha alama zako. Mpira usijipinde kama nguo inayokamuliwa.

10. Hakikisha nafasi. Mpira usiguse kona ya chuma, bomba la moshi, feni wala nyaya. Acha angalau upana wa kidole kila upande, na kumbuka injini husogea ikibeba mzigo. Bomba refu lazima liwe na kishikio chake. Uzito wake usining'inie kwenye tabo.

11. Kaza kidogokidogo, upande huu na ule, mpaka klipu ishike sawasawa pande zote. Rudisha sensa na mabomba madogo yote. Tundu la kipimo likibaki wazi, umefanya kazi bure.

Neno kuhusu klipu. Klipu za bisibisi zenye matundu kwenye mshipi zinakata silikoni, kwa kuwa mpira laini unapenya kwenye matundu hayo. Upande wa kuvuta, kwa mpira mgumu mweusi, zinaweza kufaa zikiwa na mshipi mpana. Upande wa presha tumia klipu za bolti zenye mshipi mpana usio na matundu, na kama mashine ilikuja na zenye springi, rudisha zenye springi. Springi inafuata mpira unapotanuka kwa joto na kunywea kwa baridi. Kaza kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha mashine. Ukikaza mpaka mpira umetoka pembeni kama unga wa maandazi, umeshaukata. Klipu ya zamani iliyopinda au kuota kutu itupwe. Bei yake haifai kuamua maisha ya tabo.

Baada ya kuwasha

Washa injini, iache ipate moto bila kuipandisha kasi. Sikiliza. Upande wa presha nyunyizia maji ya sabuni kwenye viungo na utazame povu, mikono na nguo zikiwa mbali na feni na mikanda. Kisha pandisha kasi polepole huku mtu wa pili akitazama kama mpira wa kuvuta unanywea. Ukinywea, zima: ama filta imeziba, ama umeuziwa mpira dhaifu. Usiwashe kamwe injini huku mdomo wa tabo uko wazi. Inanyonya vidole, nguo na nati bila kuonya.

Fanyisha mashine kazi nyepesi kwa nusu saa, izime, ipoe, kisha rudia kukagua klipu zote. Kagua tena mwisho wa zamu ya kwanza, kwa kuwa mpira mpya hujikalia baada ya kupata joto. Baada ya wiki moja, rudia kile kitambaa cheupe.

Kupima intakula kwa presha ya hewa ni kazi ya karakana. Kwenye malori makubwa kipimo cha kawaida ni kujaza hewa hadi psi 30 na kutazama kama inashuka zaidi ya psi 5 ndani ya sekunde 15. Vizibo vya kupimia lazima vifungwe kwa mnyororo. Kizibo kikichomoka kwa presha hiyo kinaweza kumuua aliyesimama mbele yake.

> MAKOSA YANAYORUDIWA
>
> - Kuzungushia tyubu, utepe au gundi juu ya ufa ulio nyuma ya filta.
> - Kubadilisha mpira na kuacha klipu zilezile zilizokufa.
> - Kupuliza filta kwa hewa ya kujazia matairi. Kama kitabu kinaruhusu kupuliza ile ya nje, isizidi psi 30, na kutoka ndani kwenda nje. Filta ndogo ya ndani haipulizwi, inabadilishwa.
> - Kufungua kasha la filta kila asubuhi "kuangalia tu". Kila ufunguzi unaangusha vumbi upande safi.
> - Kusahau bomba la kunyonya vumbi kutoka kwenye kofia. Likipasuka au valvu yake ikifa, kofia haitoi vumbi tena.
> - Kutundika mipira ya akiba kwenye msumari juani, au karibu na mashine ya kuchomelea. Ilaze stoo, gizani, bila kukunjwa.

Kama vumbi au vipande vimeshaingia

Ukigundua mpira ulikuwa umepasuka kwa muda, usifunge mpya ukaondoka. Toa sampuli ya oili kabla ya kuimwaga, kisha badilisha oili na filta yake. Safisha mabomba yote kuanzia kwenye tundu hadi kwenye manifodi. Pima pumzi ya injini na mchezo wa mhimili wa tabo, na andika saa za mashine ili ulinganishe sampuli inayofuata.

Tabo ikiwa imevunjika, jambo moja lisisahaulike: vipande vyake vimekwenda kwenye intakula. Vinakaa humo vikisubiri. Watu hufunga tabo mpya, injini ikavuta, na vipande vya ile ya zamani vikaingia kwenye silinda. Shusha intakula, isafishwe kabisa, na kama haisafishiki, ibadilishwe.

Ukiwa porini na spea iko mbali

Swali hili huulizwa kila mara, na jibu langu halibadiliki. Mpira ukipasuka kabla ya filta, unaweza kuufunga kwa chochote na kumaliza zamu, ukitazama kipimo cha filta. Ukipasuka upande wa presha, unaweza kuitoa mashine shimoni polepole bila mzigo mpaka mahali pa usalama, kisha uzime. Ukipasuka kati ya filta na tabo, mashine haiwashwi. Si kwa safari moja, si kwa lori moja la mwisho, hata bosi akipiga simu. Ivutwe, au ingoje spea ilipo.

Ndiyo maana sanduku la akiba ni la lazima kwa anayefanya kazi mbali na mji:

- ☐ mpira mmoja wa kati ya filta na tabo, wa mashine hiyohiyo
- ☐ mpira mmoja wa upande wa presha
- ☐ klipu mbili za ziada kwa kila kipenyo
- ☐ filta ya nje moja na ya ndani moja
- ☐ vifuniko vya midomo vyenye rangi kali
- ☐ kitambaa cheupe, tochi, uzi na rula
- ☐ karatasi yenye nambari za mashine, injini na spea

Kama una mashine inayofanya kazi leo, anza na jambo dogo lisilohitaji fedha. Jioni ikishaegeshwa na kupoa, pitisha mkono chini ya ule mpira unaotoka kwenye filta, upande ambao macho hayafiki, mpaka kwenye klipu ya tabo. Vidole vikikuta ufa, toa ufunguo na usimpe mtu.